Baridi ya Aprili huko Minneapolis: binti yangu ajiandae vipi kabla theluji na barafu hazijafika?

Mama wa Kisauni anauliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Binti yangu alihamia Minneapolis, katika jimbo la Minnesota huko Marekani, mwezi wa Machi mwaka huu, kwa kazi ya kuwatunza wazee. Alifika baridi kubwa ikiwa imeshaanza kulegea, kwa hivyo hakununua mavazi mazito zaidi ya koti moja, na wenyeji walimwambia kwamba yaliyosalia ni mabaki tu ya majira. Sasa utabiri wa wiki hii unasema kwamba Alhamisi usiku itanyesha mvua itakayoganda ikigusa ardhi, Ijumaa igeuke kuwa theluji, na usiku wa kuamkia Jumapili mawingu yaondoke na hewa ishuke hadi nyuzi 24 za vipimo vyao.

Mimi nimezaliwa na kulelewa Mombasa. Baridi niijuayo ni ile ya Julai, kusi inapovuma na mtu akajitanda leso mbili alfajiri. Huku kwetu sasa ni masika, njia za Kisauni zimejaa maji, na ninapomwambia mwanangu ajihadhari sijui hasa ajihadhari na nini.

Anaishi ghorofani katika nyumba ya zamani ya kupanga, na mwenye nyumba amekwisha kuzima hita akisema kwamba Aprili imefika. Anaendesha gari kuukuu na hutoka saa kumi na moja alfajiri, kungali giza, akavuka daraja kwenda kazini. Nyuma ya nyumba ameruhusiwa kupanda miche yake ya nyanya, bamia, mchicha na sukuma wiki, na ameipenda sana bustani hiyo kwa sababu inamkumbusha kwao. Umeme ukikatika, ana jiko dogo la makaa ambalo hulitumia nje kwa kuchoma nyama, na makaa ya chetezo chake cha udi. Je, anaweza kuota moto huo chumbani, dirisha likiwa wazi kidogo? Naomba aliyeishi huko anieleze ni mambo gani ayatangulize katika siku hizi chache zilizobaki.

Mmvita wa Ughaibuni anajibu:

Wa alaykum salaam, mama. Nimeishi Minnesota miaka mingi, na nitaanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye uhai wa mtu ndani yake. Asiwashe makaa ndani ya nyumba kabisa, dirisha likiwa wazi au limefungwa, jikoni, chumbani au msalani. Makaa yanapoungua hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hushika damu kwa nguvu zaidi kuliko oksijeni, hivyo mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kusikia usingizi, akalala, asiamke. Nyumba zetu za Mombasa zina madirisha makubwa, matundu juu ya milango na upepo wa bahari unaopita mchana kutwa, na ndiyo maana chetezo cha udi hakijatudhuru. Nyumba za huku zimejengwa kwa nia ya kuzuia hewa isitoke wala isiingie. Mwezi wa Februari 2021, dhoruba ya baridi ilipoangusha umeme Texas, watu wengi walipelekwa hospitali kwa sababu ya kuwasha majiko ya makaa na jenereta ndani, au kukaa katika magari yaliyokuwa yakinguruma gerejini. Serikali ya jimbo hilo ilihesabu vifo 246 vilivyotokana na dhoruba nzima kwa sababu mbalimbali. Hao walikuwa watu wazima wenye akili zao, na walifanya hivyo kwa sababu watoto wao walikuwa wakitetemeka. Basi mwambie leo, kabla hajaanza kutetemeka. Vilevile aangalie king'ora cha kutambua hewa hiyo. Sheria ya Minnesota inataka kiwepo karibu na vyumba vya kulala, na kina kidude cha kubonyeza ili kujaribu kama kinalia.

Sasa hita. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kuizima kwa sababu tu anaona Aprili imefika. Sheria ya jimbo inamtaka, pale ambapo mpangaji hana udhibiti wa hita, ahakikishe kwamba nyumba haipungui nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani nyuzi 20 za Selsiasi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 30 Aprili. Binti yako amwandikie leo kwa adabu, kwa maandishi wala si kwa mdomo, amkumbushe tarehe hizo na amwombe aiwashe kabla ya Alhamisi. Hita iliyokaa bila kazi huweza kugoma kuwaka, na mafundi hawapatikani kwa urahisi usiku ambao kila mtu anawaita.

Jambo la vipimo pia nataka ulijue wewe mwenyewe, kwa kuwa utakuwa ukifuatilia simu. Wamarekani hutumia Farenhaiti, na maji huganda kwenye 32. Hizo nyuzi 24 ulizozitaja ni kama nyuzi 4 chini ya sifuri kwa vipimo vyetu. Ukiona 28 usidhani ni kama jioni ya Mombasa, kwani hiyo ni nyuzi 2 chini ya sifuri.

Watu humwambia mgeni kwamba baridi ya Aprili ni ndogo kuliko ya Januari, na kwa vipimo ni kweli. Mimi naiogopa zaidi, kwa sababu Januari kila mtu yuko tayari: matairi ya baridi yako kwenye gari, chumvi iko mlangoni, glavu ziko mfukoni. Aprili vyote hivyo vimeshapelekwa stoo. Mwaka 2018, kati ya tarehe 13 na 15 Aprili, Minneapolis ilipata inchi 15.8 za theluji, yaani sentimita 40 hivi, ambayo ni kubwa kuliko zote zilizowahi kurekodiwa mjini humo kwa mwezi wa Aprili, na watu walikuwa wameshaanza kutoka na koti jepesi. Basi kabla ya Alhamisi anunue viatu vya mpira vyenye nyayo za kushika, glavu, soksi za sufu na mtandio mzito. Duka la nguo za mitumba litamtosha, na Aprili bei huwa zimeshuka. Nguo ya pamba isiwe ndiyo inayogusa mwili, kwa sababu ikilowa haikauki na humnyonya mtu joto, ilhali sufu huendelea kuhifadhi joto hata ikiwa na unyevu.

Kuhusu miche, mama, kwa kweli mimi ningemwambia aiache. Nyanya zinaweza kupandwa tena.

Mwalimu Mstaafu, Tudor, anajibu:

Bi Mkubwa, umeuliza ajihadhari na nini, na mimi niliyefundisha jiografia nadhani ukielewa baridi hii inatoka wapi utaweza hata kumsomea utabiri mwenyewe.

Mwezi wa Aprili jua limeshapanda kaskazini mwa dunia, lakini Aktiki, yaani eneo la Ncha ya Kaskazini, ingali imejaa theluji na hewa yake ni baridi sana. Kati ya hewa hiyo na hewa ya joto ya kusini unapita mkondo wa upepo wa kasi, juu angani kwa kiasi cha kilomita kumi, ukitoka magharibi kwenda mashariki. Mkondo huo ukinyooka, baridi hubaki Kanada. Ukijipinda, hewa ya Kanada huteremka hadi katikati ya Marekani, ambako hakuna mlima wa kuizuia, na huko hukutana na hewa yenye unyevu inayopanda kutoka Ghuba ya Meksiko. Sisi tunakaa karibu na Ikweta, na Bahari ya Hindi inahifadhi joto letu mwaka mzima, hata usiku wa baridi wa Julai tukabaki kwenye nyuzi 20 au zaidi kidogo. Ndiyo maana hatuna mazoea ya hewa inayoweza kubadilika kwa nyuzi 20 kati ya Jumatano na Ijumaa.

Mvua inayoganda ina sababu yake. Theluji huanguka kutoka juu, ikapita katika tabaka la hewa ya joto ikayeyuka kuwa mvua, kisha karibu na ardhi ikakuta tabaka jembamba la hewa iliyo chini ya sifuri. Tabaka hilo halina unene wa kutosha kuyagandisha matone yakiwa bado hewani, kwa hiyo huganda papo hapo yanapogusa njia, ngazi, tawi au waya wa umeme. Uzito wa barafu hiyo ndio unaovunja matawi na kuangusha nyaya, na kwa sababu hiyo hofu yako ya umeme kukatika ina msingi hasa Alhamisi usiku. Theluji ya Ijumaa haiogopeshi sana kwa upande huo.

Tofauti ya nyuzi moja au mbili tu ndiyo inayoamua kama itanyesha mvua, barafu au theluji. Kwa hiyo usishangae utabiri ukibadilika kila asubuhi, na usichukue kubadilika huko kuwa ni dalili kwamba hakuna kitakachotokea. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani hutoa matangazo kwa hatua: kwanza tangazo la kwamba dhoruba inawezekana, ambalo hutolewa siku moja au mbili mapema, kisha onyo la kwamba dhoruba inakuja kwa hakika au imeshaanza. Likitoka la kwanza, binti amalize ununuzi na maandalizi yote. Likitoka la pili, asitoke isipokuwa kwa lazima.

Na usiku wa Jumamosi usiuchukulie kuwa mwisho wa hatari kwa sababu tu theluji imekoma. Mawingu yanapoondoka, joto la ardhi hupotea angani bila kizuizi, na maji yote yaliyoyeyuka mchana kwa jua la Aprili hugeuka barafu tena kabla ya alfajiri.

Dereva wa Masafa anajibu:

Mama, mimi niliendesha lori kutoka Changamwe hadi Malaba kabla ya kuja Marekani, na sasa naendesha katika majimbo ya kati, Minnesota ikiwemo. Hayo aliyoyasema Mwalimu kuhusu maji kuganda tena usiku ndiyo yanayonigusa mimi, kwa sababu binti yako anatoka saa kumi na moja, na jua huko mwezi huu huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu. Maana yake ni kwamba anaendesha katika saa mbaya kuliko zote.

Hatari iko katika barafu nyembamba isiyoonekana. Humruhusu dereva kuiona lami iliyo chini yake, kwa hiyo njia huonekana kama imelowa tu. Daraja huganda kabla ya barabara, kwa sababu upepo baridi hupita juu yake na chini yake, na halina ardhi ya kulipa joto. Minneapolis imejengwa kwenye mto Mississippi na ina madaraja mengi. Akaribie daraja lake kwa mwendo wa polepole aliouweka mapema, na akiwa juu yake asikanyage breki, asiongeze mafuta wala asigeuze usukani kwa ghafla. Gari likianza kuteleza aondoe mguu kwenye mafuta, aelekeze usukani upande anaotaka kwenda, na asubiri matairi yashike. Mazoea tuliyonayo sisi madereva wa nyumbani, ya kukanyaga breki kwa nguvu na kusogea karibu na gari la mbele ili mwingine asiingie katikati, hayafai huko hata kidogo. Aache nafasi kubwa mno mbele yake, kiasi cha sekunde 8 hadi 10.

Kuna mambo ya gari lenyewe ayafanye Jumatano. Maji ya kuoshea kioo yakiwa ni maji ya bomba, ayatoe na kuweka yale maalumu yasiyoganda, la sivyo tangi lake litapasuka au kioo kitaganda akiwa njiani. Ajaze mafuta angalau nusu tangi. Ndani ya gari aweke blanketi, sepetu, kikwaruzio cha kioo, maji ya kunywa na mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya tairi likikwama. Akikwama kwenye theluji na akataka kuwasha injini apate joto, kwanza ashuke aondoe theluji kwenye bomba la moshi, kwa sababu hewa ile ile aliyoieleza Mmvita hurudi ndani ya gari. Hali ya barabara ataipata kwa kupiga simu 511 akiwa huko.

Kama yuko karibu na kituo cha basi, mimi ningemshauri Ijumaa aliache gari nyumbani kabisa, na asiliache mahali popote tu. Jiji likitangaza dharura ya theluji, kwa muda wa siku tatu kunakuwa na kanuni za upande gani wa njia magari yaegeshwe ili mitambo ya kusafisha ipite, na gari lililokaa upande usiofaa hukokotwa na mwenyewe akatozwa. Mgeni huwa hana habari hiyo mpaka akute pahali pake ni patupu.

Bustani ya Nyuma anajibu:

Dada yangu, naomba kutofautiana kwa heshima na Mmvita kuhusu miche. Mtu aliyehamia peke yake katika nchi ya baridi akapanda mchicha na bamia ana sababu ya kuitunza miche hiyo, na kazi yenyewe ni ya nusu saa.

Sukuma wiki asiifunike sana wala asiiogope, kwani huvumilia sakitu, yaani umande ulioganda, na watu wengi husema majani huongezeka utamu baada yake. Nyanya, mchicha na bamia hufa hewa ikigusa sifuri. Iliyo kwenye mikebe na vyungu iingizwe ndani Alhamisi mchana. Iliyo ardhini aimwagilie maji kwenye mizizi mchana ule kabla ya baridi, kwa sababu udongo wenye unyevu huhifadhi joto zaidi kuliko mkavu, kisha kabla ya jua kutua aifunike kwa shuka kuukuu lililonyooshwa mpaka chini na kukandamizwa kwa mawe, ili joto la ardhi libaki chini yake. Akitumia plastiki isiguse majani. Asubuhi, hewa ikipanda juu ya sifuri, afunue. Usiku ulio mbaya zaidi kwa mimea ni ule wa Jumamosi wenye mbingu safi, kwa hiyo asichoke Ijumaa akaacha kufunika.

Bamia hata hivyo sioni kama itapona. Inataka udongo wa joto, na kwa Minnesota wakulima wengi wa bustani hungoja katikati ya Mei kwa nyanya, na baada ya hapo kwa bamia. Abakishe mbegu kidogo.

Mama wa Kisauni:

Mwenyezi Mungu awalipe kheri nyote. Nimezungumza naye na nimemsomea majibu haya yote, la makaa nikalirudia mara kadhaa mpaka akaniahidi. Amemwandikia mwenye nyumba, naye amekubali kuwasha hita kesho asubuhi. Msimamizi wake wa kazi amemruhusu abadilishane zamu ya Ijumaa na mwenzake anayekaa karibu na pale. Jumapili itambidi aende, kwa kuwa wazee hawawezi kuachwa, na atapanda basi. Nimepiga hesabu kwamba saa kumi na moja alfajiri kwao ni saa saba mchana kwetu, hivyo nitakuwa macho nikimngoja anipigie akishafika.

Limebaki moja. Jirani yake amemwambia aache bomba la jikoni likidondoka usiku kucha ili mabomba yasipasuke. Je, ni lazima?

Mmvita wa Ughaibuni:

Mama, kwa nyuzi 4 chini ya sifuri kwa usiku mmoja, na hita ikiwa inafanya kazi, mabomba ya ndani hayatapata dhara. Ushauri wa jirani ni wa Januari, hewa inaposhuka chini zaidi na kukaa hapo kwa siku. Kinachohitaji kuangaliwa ni bomba la nje analotumia kumwagilia bustani. Akiwa ameacha mpira umefungwa kwenye bomba, maji yaliyobaki ndani huganda, na kwa kuwa maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa kiasi cha asilimia tisa, hulipasua bomba ndani ya ukuta, na hakuna atakayejua mpaka siku litakapofunguliwa tena. Afungue mpira huo Alhamisi baada ya kumwagilia, aumwage maji na auingize ndani. Umeme ukikatika na nyumba ikapoa kwa saa nyingi, hapo ndipo adondoshe maji jikoni kidogo kidogo, na afungue milango ya kabati iliyo chini ya sinki ili hewa ya chumba ifike kwenye mabomba. Amwulize mwenye nyumba leo mahali ilipo koki kuu ya kufungia maji.